Chini ya Mnara wa Ihanga

Maiti ya Ezekia Kihwele ilikutwa imelala chali chini ya mnara wa mgodi, kofia ngumu ikiwa kichwani, kamba yake imefungwa kidevuni.

Aliyeikuta ni Bertha, mama anayewauzia chai wageni wanaokuja kuutazama mnara. Ukungu ulikuwa umekishika kilima cha Ihanga tangu alfajiri, na ilibaki kidogo amkanyage. Birika lilimtoka mkononi. Yowe alilopiga lilisikika hadi kwenye barabara ya vumbi inayoteremka Chimala.

Mkaguzi wa Polisi Tumpe Mwaisaka alifika kutoka Mbeya akiwa na Koplo Kalinga. Watu walikuwa wameshajaa nje ya uzio, na walikuwa wameshapata jibu.

"Ni ajali, afande," alisema askari wa kituo cha Chimala aliyetangulia kufika. "Alipanda kuangalia lile gurudumu la juu, akateleza."

Tumpe aliinua macho. Mnara ulisimama kwa miguu minne ya chuma, na kileleni kulikuwa na gurudumu kubwa lililokuwa likivuta kizimba cha wachimbaji kutoka shimoni. Waliochimba chuma hapo enzi za ukoloni walishaondoka, mgodi ukafungwa, mashine zikachukuliwa. Uliobaki ni mnara peke yake, na sasa ulihifadhiwa kama kumbukumbu. Ezekia, mwalimu wa historia aliyeacha kufundisha, ndiye aliyekuwa mhifadhi wake.

"Nani alimwona akipanda?" aliuliza Tumpe.

"Watu wanasema, afande."

"Watu gani?"

Askari alikuna shavu.

Tumpe alivaa glavu, akachuchumaa kando ya maiti. Kofia haikuwa na ufa wala mkwaruzo. Aliifungua kamba, akaivua taratibu. Kisogo cha marehemu kilikuwa kimebonyea, nywele zimegandamana kwa damu iliyokauka.

"Kalinga, njoo uone. Kofia nzima, kichwa kimepasuka."

"Alivishwa baadaye," Kalinga alinong'ona.

Tumpe alisogea kwenye ngazi ya chuma iliyopandishwa kwenye mguu wa mnara, akaigusa kwa kidole. Kidole kilinata. Alipokitazama, kilikuwa chekundu. Ngazi nzima, tangu chini hadi macho yalipokomea kwenye ukungu, ilikuwa imepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kwa baridi ile haikuwa imekauka. Hakukuwa na alama ya kiatu kwenye kidato hata kimoja. Palipovurugika ni sehemu moja tu, chini kabisa, upande wa nje wa ngazi, kana kwamba mtu ameiegemea.

Alirudi kwenye maiti, akaifunua mikono. Viganja vilikuwa safi. Soli za viatu zilikuwa na tope jeusi tu.

"Huyu hakupanda popote," alisema kwa sauti ya chini. "Na habari ya rangi usimwambie mtu."

Hatua chache kutoka kwenye ngazi palikuwa na mfuniko mpana wa zege uliofunika mdomo wa shimo la zamani. Pembe yake moja ilikuwa imechongwa upya, na vipande vya zege vilitapakaa kwenye nyasi. Kipande kimoja kilikuwa na doa la rangi ya kahawia. Tumpe alikifunga kwenye mfuko wa vielelezo.

Mzee mmoja aliyejitanda blanketi aliachiwa njia na watu, akaja hadi kwenye uzio. Alikuwa Joachim, mwenyekiti wa kijiji kwa miaka mingi na mzee wa kanisa la Kilutheri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene," aliongeza salamu ya kwao. "Poleni na kazi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Tumepoteza mtu wa maana. Sasa sijui kama inafaa kusema..."

"Sema tu, mzee."

"Jana mchana alikuwa anagombana na yule fundi aliyetoka Mafinga. Shedrack. Walikuwa wanapigiana kelele hapo hapo kwenye mfuniko, tukawasikia hadi kijijini. Leo fundi hayupo."

Watu waliguna. Tumpe aliona jinsi jina lile lilivyopita mdomo hadi mdomo, na kila lilipopita likawa zito zaidi.

"Kalinga," alisema walipokuwa peke yao, "wewe baki. Mwulize kila mtu swali moja tu: nani alikwambia kwamba Ezekia alipanda juu? Akikutajia mtu, nenda kwa huyo, umwulize hivyo hivyo, mpaka ufike mwisho."

*

Mafinga ilinuka mbao mbichi. Malori yaliyobeba misonobari ya msitu wa Sao Hill yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara kuu, na karakana ya Shedrack ilikuwa nyuma ya yadi ya mbao, vumbi la msumeno likifika kwenye vifundo vya miguu. Fundi mwenyewe, mwanamume mpana wa mabega, alipoona gari la polisi alificha mikono nyuma.

"Nionyeshe mikono," alisema Tumpe.

Shedrack aliitoa. Kucha zote zilikuwa nyekundu.

"Hii nini?"

"Rangi, mama. Ya kuzuia kutu. Nimepaka ngazi ya mnara jana."

"Saa ngapi?"

"Mchana, baada ya kula. Nilimaliza jua likielekea kuzama, nikapata lifti ya lori, nikaja zangu."

"Kwa nini uliondoka ghafla?"

"Sikuondoka ghafla. Kazi ilikwisha."

"Uligombana na Ezekia."

"Tulibishana. Alitaka tuufungue mfuniko wote jana jana, aweke wavu wa chuma ili wageni wachungulie shimo. Nikamwambia zege lile linataka winchi, mwalimu, litatuvunja migongo. Akakasirika. Akachukua mtaimbo, akaanza kulichonga peke yake."

"Akafanikiwa?"

"Aliinua pembe kidogo, akaweka jiwe, akalala kifudifudi na kumulika na tochi. Alikaa pale, akakaa. Alipoinuka hakuwa yule aliyelala. Nikamwuliza, umeona nini? Akasema, 'Maliza rangi yako, fundi.' Hakuongea nami tena."

Tumpe alimkazia macho. Maelezo yalikuwa mazuri, na maelezo mazuri yalimtia shaka kuliko mabaya. Mtu mwenye nguvu, ugomvi uliosikika kijijini, safari ya jioni. Mkuu wake kule Mbeya angelifunga jalada kabla ya chakula cha mchana.

"Nani mwingine alijua kuwa ngazi ni mbichi?"

"Mimi na yeye. Bertha alishateremka, na hapakuwa na mtu mwingine."

Hapo ndipo Tumpe alipoanza kulegea. Ukitaka watu waamini kuwa mtu ameanguka kutoka kwenye ngazi, huchagui ngazi uliyoipaka rangi mwenyewe muda mfupi uliopita. Aliyemlaza Ezekia pale hakujua kuwa ngazi ilikuwa mbichi. Ukungu na giza vilimficha asionekane, na vilimzuia yeye pia kuona.

"Mtaimbo ulibaki kwa nani?"

"Kwake."

Pale mnarani haukuwepo.

"Utakuja kituoni kuandika maelezo," alisema Tumpe. "Na usisafiri. Kule Ihanga watu wameshakuhukumu."

"Mama, mimi sijaua."

"Sijasema umeua. Nimesema usisafiri."

*

Hakugeuza gari kurudi Mbeya. Aliendelea hadi Iringa mjini, alikokuwa akiishi Marta, mke wa marehemu. Akina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka sebuleni, wakiimba kwa sauti za chini. Marta alitolewa chumbani akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Alipomwona askari wa kike alijinyoosha.

"Alinipigia simu jana jioni," alisema. "Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nikamwuliza, unaumwa? Akasema hapana, nimekuta msiba wa zamani."

"Msiba wa zamani?"

"Ndivyo alivyosema. Nimekuta msiba wa zamani, na wenyewe hawajui kama ni wafiwa. Nikamwambia basi nenda polisi. Akasema nitakwenda, lakini kwanza nipitie kwa mkubwa wa familia. Habari kama hii mama wa watu haletewi na mgeni mlangoni."

"Hakutaja jina?"

"Hakutaja." Marta alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ezekia ndivyo alivyokuwa. Hata mwanafunzi akifiwa, alianza kwa wazee. Mimi nilimwambia heshima yako hiyo itakuchelewesha."

Tumpe alimshika mkono, akakaa naye kidogo kabla ya kuaga. Wakati gari likipandisha na kushuka kwenye kona za kurudi, simu iliita. Ilikuwa ni Kalinga.

"Afande, nimefika mwisho. Bertha aliambiwa na mwenye duka. Mwenye duka aliambiwa na mchunga ng'ombe. Askari wa Chimala aliambiwa na mtendaji. Wote, ukiwafuata, wanaishia kwenye kibaraza kimoja."

"Cha nani?"

"Cha mzee Joachim. Na alilisema neno hilo asubuhi ile ile, watu wakiwa bado hawajaijua maiti ni ya nani."

*

Kesho yake Zimamoto walileta winchi kutoka Mbeya. Mfuniko uliinuka ukilia. Hewa iliyotoka shimoni ilikuwa baridi na ilinuka kutu. Mzee Joachim hakuonekana. Alituma mtu kusema kichwa kinamwuma.

Askari wa Zimamoto hakushuka mbali. Chini kidogo ya mdomo wa shimo palikuwa na boriti nene ya chuma iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya boriti, mgongo umeegemea mwamba, palikuwa na mifupa ya mtu.

Daktari wa wilaya aliipanga kwenye turubai. "Mwanamume, na si wa juzi. Tazama paja hili." Kwenye mfupa kulikuwa na bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu. "Alivunjika, akatibiwa, akapona. Baadaye akavunjika upya, mguu ule mwingine, na huo haukupata wa kuutibu."

"Alikufa kwa kuanguka?"

Daktari aliligeuza fuvu. "Fuvu ni zima. Mbavu ni nzima. Na ameketi, afande. Aliyekufa kwa kuanguka haketi."

Tumpe aliwageukia watu waliojazana kwenye uzio. "Kuna mtu wa hapa aliyewahi kupotea?"

Walitazamana. "Hapa hajapotea mtu," alisema Bertha. "Labda mume wa mama Apolonia, na yeye hakupotea. Yuko Zambia."

Nyumba ya Apolonia ilikuwa kwenye ua mmoja na ya mzee Joachim. Alikuwa mwanamke aliyepita miaka sitini, mwembamba, na alikuwa akianika nguo.

"Karibu, mwanangu. Kelele za huko mnarani ni za nini?"

"Kazi tu, mama. Nimeambiwa mume wako yuko Zambia."

"Sosthenes, ndiyo. Aliondoka kipindi kile cha msako wa wahujumu uchumi, tukiwa bado vijana. Shemeji Joachim, kaka yake, ndiye aliyemsindikiza kwenye treni pale Iyunga. Amekuwa akituma salamu na kitenge kila Krismasi, kupitia kwa shemeji. Kurudi tu ndio hakurudi."

"Hukuolewa tena?"

"Niolewe vipi na mume ninaye?"

"Aliwahi kuumia, mama? Kabla hajaondoka?"

"Alivunjika paja, wamisionari wakamwekea chuma. Baridi ikija alikuwa hana usingizi." Apolonia aliacha kuanika. "Hata mwalimu Ezekia nilimsimulia hayo, alipokuwa anakusanya habari za wazee. Kwa nini unauliza? Kuna habari zake?"

"Nitarudi, mama. Nitakuja kukwambia mwenyewe."

Alipogeuka kuondoka, macho yake yaliangukia koti zito jeusi lililoning'inia mwisho wa kamba. Mkono wa kulia, tangu begani hadi kwenye kiwiko, ulikuwa na doa jekundu.

"Hilo koti la nani?"

"La shemeji. Mimi ndiye ninayemfulia tangu mkewe afariki. Sijui ameegemea nini huyu mzee, nimelisugua hata kwa mafuta ya taa, limekataa."

Alilitoa kwenye kamba mwenyewe, akalikung'uta maji, akampa Tumpe kwa mikono miwili.

*

Walimhoji kituo cha Chimala. Joachim aliingia na blanketi lake, akaketi wima.

"Hulazimiki kusema chochote," Tumpe alimwambia. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa."

"Ulijuaje kwamba Ezekia alipanda mnara?"

"Nilimwona. Jioni ile nilikuwa napita."

"Alikuwa anapandaje?"

"Kama watu wanavyopanda. Mikono miwili, taratibu."

Tumpe aliweka mezani picha ya viganja vya marehemu. "Ngazi ilikuwa na rangi mbichi, mzee. Hii ni mikono ya mtu aliyeishika?"

Joachim aliitazama picha.

"Na hili," Kalinga aliweka koti, "limeishika."

"Umelipata wapi?"

"Nimepewa na Apolonia," alisema Tumpe.

Mabega ya mzee yalishuka. Lori lilipita barabarani na madirisha yakatetemeka.

"Amejua?"

"Bado."

"Basi andikeni, kabla hajajua." Alilishika blanketi kwa nguvu. "Tulikuwa tunaiba nyaya za shaba kwenye mashine ya mnara, ilipokuwa bado haijachukuliwa, tupate nauli ya Sosthenes kwenda Zambia. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa mbao. Zilikuwa zimeoza. Alikanyaga, akazama. Nikasikia, 'Kaka! Mguu! Leta kamba!' Kumbe yuko karibu tu, kwenye boriti. Mara nikaona tochi ya mlinzi inakuja."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia. Mwanangu, wewe hukuwepo. Watu walikuwa wanafungwa kwa kukutwa na sabuni ya magendo. Mimi nikikutwa na shaba ya serikali?"

"Mlinzi hakumsikia?"

"Sosthenes alinyamaza. Alidhani nimekwenda kuleta kamba, hakutaka tukamatwe."

Kalinga aliacha kuandika. Tumpe alimwashiria aendelee.

"Asubuhi nilirudi kama mchunga mbuzi. Bado alikuwa anaita. Polepole, jina langu tu. Nikasimama pale. Nikawaza, nikileta watu sasa, wataniuliza usiku kucha nilikuwa wapi. Yeye mwenyewe ataniuliza. Nikaondoka. Jioni niliporudi, kimya."

"Hukusema hata kwa mchungaji?"

"Nilisema amekwenda Zambia. Neno likishatoka, unalilisha. Vitenge nilinunua mimi. Watoto wake nimewasomesha mimi. Nilipopata uenyekiti nikamwaga zege, nikasema ni kwa usalama wa watoto."

"Ezekia alikuja kwako."

"Alikuja kwa adabu, akakaa chini kabisa. Akasema, 'Mzee, samahani, nafikiri nimemwona mdogo wako. Twende ukahakikishe, kisha tumfikishie mama pamoja.' Alidhani ananiletea msiba. Tukaenda. Akainama kunionyesha. Mtaimbo ulikuwa pale. Baadaye nikalitoa jiwe, mtaimbo nikauzamisha mtoni, nikamvuta hadi kwenye ngazi, nikamvalisha kofia."

"Ungekana tu. Ungesema hujui Sosthenes aliangukaje. Nani angekufunga, baada ya miaka yote hii?"

"Gereza?" Joachim alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi siogopi gereza, nimezeeka. Nilimwogopa Apolonia. Kila siku ananiletea uji na kuniita shemeji mwema. Sikuweza kuona uso wake akijua."

Jioni ile Joachim alipelekwa kwa hakimu, mlinzi wa amani anayepokea maungamo, akarudia maneno yale yale na kuyawekea dole gumba. Shedrack aliambiwa kwa simu kwamba yuko huru kusafiri. Hakusema asante, alikata simu, na Tumpe hakumlaumu.

Kisha alipanda tena kilima, kama alivyoahidi. Alimkalisha Apolonia kwenye kigoda, akaketi chini mbele yake, akamweleza yote bila kupunguza. Apolonia alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakulia.

"Kwa hiyo mimi ni mjane," alisema mwisho.

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Tangu mwaka ule."

"Tangu mwaka ule."

"Nimekuwa mjane nikiwa msichana, na hakuna aliyeniambia nimlilie." Alitazama upande wa pili wa ua, mlango wa Joachim uliofungwa. "Mwambie..." Alitikisa kichwa na kuinuka, akaingia ndani kutafuta nguo nyeusi. "Hapana. Usimwambie kitu."